Kometi na Taa za Dagaa

Hesabu sikukosea. Nalisema hilo mapema, maana hapa Musoma bado wapo wanaonitania sokoni. Kometi, ile nyota yenye mkia, ilikuwa palepale nilipoitegemea: magharibi, juu ya ziwa, jua likishazama. Nilichagua siku zisizo na mwezi ili giza liwe giza kweli, nikawaita ufukweni wanafunzi wa klabu yangu ya sayansi na wazazi wao, nikabeba na darubini yetu moja ya shule.

Mimi nafundisha fizikia, lakini nimezaliwa Mugeta, kule Bunda, kwa wafugaji. Kwetu mwezi usipokuwepo, hata mkono wako huuoni. Ile jioni giza lilipoingia tu, boti za dagaa zikawasha taa, moja, kumi, mpaka ziwa lote likawaka kama mnada wa usiku. Kwa mwanga ule hatukuona kitu angani. Mzazi mmoja akauliza kama mkia umekatwa na gari. Walicheka jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake mkuu wa shule akanidai ufunguo wa kabati la darubini. "Klabu naifunga, mwalimu. Unatuaibisha."

"Nipe jioni moja tu," nikamjibu. "Nikishindwa, ufunguo nakuletea mwenyewe."

Nilikuwa na hasira, sifichi. Wale watoto hawakuwa na kifaa kingine chochote cha sayansi.

Nikaenda mwaloni, boti zinakoshushia samaki, kwa mama mmoja anayeanika dagaa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, kweli wewe ni wa ng'ombe! Giza ndiyo kazi yetu. Dagaa wanafuataga taa. Mbalamwezi ikija, boti zinalalaga."

"Zinalala mpaka lini?"

"Mpaka mwezi uanze kuchelewa sana kutoka."

Loo! Kumbe jibu lilikuwa kwenye dagaa. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, mwezi hutoka karibu saa tatu usiku. Kabla ya hapo kuna giza, na boti bado ziko nchi kavu. Ila ilibidi nisubiri zaidi ya wiki mbili, na kometi ilikuwa inafifia kila siku. Wenzangu wakanishauri niwapeleke watoto Butiama, kwenye vilima. Nikakataa katakata. Nimechekwa Musoma, nitaionyesha Musoma.

Siku ikafika. Boti zote zilikuwa mchangani. Waliokuja kunicheka walikuwa wengi kuliko waliokuja kutazama, na mimi nikasimama mbele yao, ufunguo shingoni. Saa moja na nusu ziwa lilikuwa jeusi tii. Yule mama wa dagaa ndiye aliyeiona kwanza, kwa macho yake matupu.

"Hee! Ile nini ile, kama moshi?"

Ilikuwa imefifia, lakini mkia ulikuwepo, umesimama wima juu ya maji. Watoto wakapiga kelele, na mimi nikalia bila aibu.

Mkuu wa shule alipanga foleni kama wengine. Alipoishusha darubini, akauliza polepole, "Na kesho itaonekana?"

"Itaonekana," nikamwambia. "Na ufunguo nabaki nao mimi."