Mwaka Nilipomsomesha Mama

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha mama aliposahau njia ya kutoka sokoni Kawangware hadi chumba chake, njia aliyokuwa ameipita kwa zaidi ya miaka kumi. Mimi nilikuwa Kibera, pale Mashimoni, nashona sare za shule. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua nguo ndiye aliyeniletea habari: mama ameonekana kando ya bucha, kikapu mkononi, akiwauliza watu anaishi wapi.

Niliacha nguo kwenye cherehani, nikaenda kwa miguu, nusu nikikimbia. Nilimkuta amekwisha kufikishwa nyumbani na jirani, anachambua mboga.

"Ni jua tu," akasema. "Kwani wewe hujawahi kupotea?"

Tangu siku hiyo sikupata raha. Kila alilokosea nililiweka moyoni: chai aliyotia chumvi, hadithi aliyoirudia, mara alizoniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nyanya yangu, mzaa mama, alimaliza siku zake bila kumjua mtu. Mama alikuwa akimlisha uji, naye akimuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikampeleka zahanati. Nesi alimpima presha, kisha akaniita kando.

"Dawa ya kusahau sina," akaniambia. "Lakini usimwache akae bure. Anajua kusoma?"

"Alisoma misheni, mpaka darasa la tatu."

"Basi asome, halafu mzungumze alichosoma. Kichwa nacho kinataka kazi."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Kila nikifunga kazi, nilivuka Ngong Road na gazeti la jana kwapani. Mama alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Akimaliza tu, naanza: Nani alisema hivyo? Wapi? Ng'ombe walioibwa walikuwa wangapi? Akikosea, nilishindwa kumtazama usoni.

Wiki ya tatu alilikunja gazeti, akaniwekea mapajani.

"Unanisomesha ama unanipima?"

Nikalikunjua gazeti tena.

"Mimi naona unanipima. Unangoja tu nikosee."

"Naogopa, mama." Sikukusudia kusema, neno lilitoka lenyewe.

"Na mimi je? Unafikiri siogopi? Yule nyanya yako, si mimi niliyemlisha?"

Akapangusa pua kwa pindo la leso. "Niletee kitabu chenye hadithi. Hizi habari za serikali zinaniletea usingizi."

Nikamtafutia hadithi kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara. Siku hizo nikawa nakuja na nguo za kutia pindo, nashona yeye akisoma kwa sauti. Jirani yake, ambaye hakujua kusoma, akaanza kuingia na kigoda chake. Mama alikuwa akisimama katikati ya ukurasa kumgombeza mume mlevi wa kwenye hadithi, naye jirani anamtetea, wanabishana mpaka chai inapoa. Siku moja nilichanganya shemeji na mkwe wa kwenye hadithi, wote wawili wakanicheka.

Sitasema alipona. Aliunguza sufuria, na sokoni alienda na jirani siku zote. Wiki alizougua macho asisome, alizubaa, akajibu kwa neno moja moja, nami hofu ikanirudia yote. Macho yalipopona akarudi kitabuni, na maneno yakarudi pia. Kama ni vitabu, kama ni yule jirani, kama ni bahati, sijui. Nilipomuuliza nesi, alisema hakuna awezaye kuapa.

Aliishi miaka sita zaidi. Kifua ndicho kilichomchukua. Siku zake za mwisho hospitalini alitujua sote, na asubuhi moja nilimkuta akigombana na mhudumu aliyemvua miwani kabla hajamaliza ukurasa.