Kuku wa Mguu Wangu

Hata leo nikinusa mafuta ya nyonyo lazima nijikague mguu. Ndivyo nilivyo, siamini kitu upesi. Utotoni nilianguka kutoka kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, nikavunjika mguu. Mganga wa mifupa alinikanda kwa mafuta hayo, akanifunga vijiti, kisha akamvunja kuku mguu na kumfunga vilevile.

"Huyu akitembea, na wewe utatembea," alisema.

Nikawa namchunguza kuku huyo kutwa. Asubuhi moja Bibi alimleta akitembea vizuri mno, lakini shingoni hakuwa na lile doa jeupe la kuku wangu.

"Bibi, huyu siye."

"Ndiye, mjukuu wangu. Haya, simama."

"Wangu yuko wapi?"

"Unataka kutembea au unataka kuku?"

Niliinuka kwa hasira, nikatembea hadi jikoni kufunua chungu.