Nilivyomkatia Mama Mkwe Bima ya Kifo

Nakiri mapema, ili msije mkasema nimejificha nyuma ya maneno: mimi ni mwalimu mwenye shahada ya Kiswahili, nimefundisha mada ya utata wa maneno kwa miaka mingi hapa Ifakara, tena kwa mbwembwe, na ni maneno matatu ya Kiswahili yaliyonivua nguo mbele ya mama mkwe wangu na wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri mapokezi.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Wakala wa bima alitutembelea shuleni wakati wa chai, akagawa fomu, akaeleza harakaharaka huku kengele ikigongwa, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Nilikuwa nalo. Lakini mimi ndiye ninayesahihisha barua za ofisi nzima, na mwalimu wa Hisabati alikuwa ameketi ubavuni pangu, sasa ningeulizaje maana ya "bima ya maisha" na heshima yangu ikabaki? Nikanyamaza, nikaenda nyumbani na kujijibu mwenyewe kwa kufuata kanuni: kifungo cha maisha ni kifungo kisichoisha, mwanachama wa maisha ni yule asiyehuisha uanachama kila mwaka, basi bima ya maisha ni matibabu ya kudumu, mtu anatibiwa mpaka siku Mungu atakapomchukua. (Hoja haikuwa na ufa hata mmoja, na ndiyo maana ilinifikisha mbali.)

Nikamkatia Bi Anjelina, mama wa mke wangu, mkulima wa mpunga kule Mchombe, ambaye tezi shingoni ilikuwa imekua hadi ikaanza kumbana pumzi, akawa analala ameegemea mito kama mtu anayesubiri kuitwa. Madaktari walikwishasema dawa yake ni upasuaji. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya anayekatiwa bima, nikaandika jina lake, na nafasi ya mnufaika, nikaandika langu, kwa kuwa (msicheke, ndivyo nilivyowaza) mama akipona nitakayenufaika ni mimi, mke wangu ataacha kulia jikoni. Mama akaweka dole gumba bila kuuliza neno. Karatasi ilipokuja nikaipeleka kwa watu wa stationari waitie plastiki, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, ile kadi yako ya bima ya afya ikiisha usihangaike kuihuisha," nikamwambia. "Hii ni ya maisha."

"Mungu akuzidishie, mkwe wangu," akajibu, na kufikia Jumapili Mchombe nzima ilikuwa na habari.

Kisha daktari bingwa wa upasuaji akaja hospitalini Ifakara kwa wiki moja tu, na jina la mama likapangwa kwenye orodha. Asubuhi ya kujiandikisha alifika na shemeji yangu Festo, mdogo wa mke wangu, dereva wa bodaboda asiye na breki mdomoni. Mama akapata nafasi kwenye benchi. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde hili na ng'ombe wao, na nimelelewa kwamba mkwe habanani benchi moja na mama mkwe, kwa hiyo nikasimama dirishani peke yangu, ninaonekana na kila mtu kama mnara wa simu.

Dada wa mapokezi akaipindua karatasi, akairudisha. "Hii hatuitumii hapa, baba."

"Umeisoma?" nikauliza kwa sauti ya darasani.

"Nimeisoma. Ni bima ya maisha."

"Haswa! Ya maisha! Dada, hebu zingatia lugha. Mama huyu anatibiwa mpaka afe!"

Akanitazama kwa huruma ambayo hadi leo inanichoma. "Baba yangu, hii haitibu. Hii inalipa akishafariki."

Mabenchi yote yakageuka kunitazama.

"Akishafariki nani?" Sauti ya mama ilitoka nyuma yangu, nyembamba kwa sababu ya tezi.

Dada yule, asijue anachokigusa, akasoma: "Anjelina. Ni wewe, bibi? Na mnufaika ni..." Akasoma majina yangu yote matatu. "Huyu ni nani wako?"

"Mkwe wangu," akasema mama, polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza neno hilo.

"Loo, shemeji!" Festo akadakia. "Ng'ombe wamewaishia hadi mmehamia kwa wakwe?"

Watu wakaangua kicheko. Nami, badala ya kuomba radhi, nikafanya nilichozoea: nikaeleza. Nikamwambia mama, mbele ya umati, kwamba kihusishi "ya" kina utata, kwamba maana ni zaidi ya moja. Akanisikiliza hadi mwisho, akajifunga kitenge chake vizuri.

"Mkwe, ungeniambia tu," akasema. "Kama ni kufa, nisingekuwa na haja ya kupanda gari mpaka Ifakara. Mchombe pia watu wanakufa."

Safari hii hakucheka mtu. Kadi yake ya afya ilikuwa imekwisha wiki tatu nyuma bila kuhuishwa, kwa ushauri wangu, na mpya isingeanza kufanya kazi siku ileile. Fedha za upasuaji hatukuwa nazo. Bingwa akamaliza wiki yake na kuondoka, mama akarudi kwenye mito yake. Kicheko cha watu nilikizoea baada ya siku chache, lakini mke wangu alikuwa akimpigia simu kila jioni, na mimi nikiwa chumba cha pili nilisikia ile pumzi inayopiga mluzi, nikashindwa kula.

Jumamosi nikaenda Mchombe kuomba msamaha. Nilimwamkia, nikapiga goti.

"Inuka," akasema. "Angekuwa Festo, ningejua amekosea. Lakini wewe umesoma. Nikajiambia, msomi hawezi kuandika kitu asichokijua. Hapo ndipo nilipoogopa."

Sijawahi kupewa alama ya chini kuliko ile.

Tulipokwenda kukata bima ya afya tulikwenda wote wawili. Nilipochukua kalamu, akaishika fomu. "Ngoja kwanza. Baba," akamwambia ofisa, "hii inanilipia nikiwa hai?"

"Ukiwa hai, mama."

"Na kupasuliwa tezi kumo? Nikilipa leo, inaanza lini?"

Akajibiwa yote, akanigeukia. "Haya, mkwe, saini." Nami, nyuma yangu kukiwa na foleni ndefu na mzazi wa mwanafunzi wangu akinitazama, nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, nikauliza maana ya "ukomo wa huduma".

Tezi iliondolewa bingwa aliporudi, na mama sasa analala chali. Kwangu nimeapa jambo moja: popote patakapokuwa na karatasi ya kutia saini nitauliza, hata kama swali lenyewe ni la kijinga, kwa sababu aibu ya kuuliza ningeibeba mwenyewe, ila ile ya kutouliza ilibebwa na shingo ya mama wa watu.