Nimeenda Murera Kupanda Maharagwe

Simu ilinipata kwa kinyozi, hapa Mwiki, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na wa pili ungali msitu. Jirani aliyepiga alisema mwalimu wetu wa chekechea amefariki katika hospitali moja ya Thika, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kinyozi alizima mashine. Marehemu ndiye aliyemfundisha kushika kalamu, naye akaketi kwenye benchi la wateja na kukataa kuendelea, basi nikatoka nje vile vile, nusu kipara, na hakuna aliyenicheka. Niliumia, wasomaji wangu, na ninaumia hata sasa. Lakini kila nikijaribu kuandika kwa huzuni juu ya mama yule, kicheko kinaniponyoka.

Huku kwetu Ruiru mtu haendi ng'ambo, anapelekwa. Barua ya chuo ikifika tu, viza haijaonekana hata kivuli, mbuzi ameshachinjwa, hema limeshasimamishwa, na wazee wanatoa mawaidha kuhusu baridi ambayo hawajawahi kuionja. Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na kitu alipopata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea malezi ya watoto wadogo, kozi ya mwaka mmoja. Aliitamani safari hiyo tangu usichana, ila kwanza akalea wadogo zake, kisha wanawe, kisha wana wetu sote. Tulimfanyia sherehe ya kukata na shoka. Alipewa sweta, makoti, halafu sweta tena. Kesho yake asubuhi, kabla hatujamaliza kukunja hema, jibu la viza likaja: amekataliwa. Mtu mwingine angejifungia ndani mwezi mzima. Yeye alitokea pale uwanjani na koti la zawadi, jua likiwaka ajabu, akauliza, "Na supu ilibaki?"

"Pole sana, mwalimu," akasema mzee mmoja. "Sasa hizo sweta utarudisha?"

"Nirudishe? Kwani baridi ya huko imeisha?"

Akaomba upya. Mwaka uliofuata viza ikatoka, tukachinja tena, na safari hii tukamsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa basi la kanisa, kwaya nzima ndani. Pale maegeshoni kila mtu alitaka kumwombea, na hakuna aliyetaka kuomba kwa ufupi, maana huku kwetu kumwombea msafiri kwa ufupi ni kama kumwandalia mkwe chai ya strungi, isiyo na tone la maziwa. Mchungaji aliombea injini, akaombea mabawa, akamwombea rubani, kisha mke wa rubani. Mwalimu alifumba jicho moja, la pili likitazama saa. Alininong'onezea, "Aki mwambieni aseme amina, nitaachwa!" Nani angethubutu? Amina ilipofika, kwaya ikadai wimbo wake. Wimbo ulipokwisha, ndege ilikuwa imekwenda, na baadaye chuo kikampa mtu mwingine nafasi ile. Kwenye basi, tukirudi, mwalimu alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. "Sijaachwa na ndege tu," alisema, "nimeachwa na mwaka mzima, na mimi si msichana." Kisha akajifuta uso kwa sweta. "Lakini mmeomba vizuri."

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila hawakusema kwamba wakati mwingine koleo linavunjwa na majirani wanaokupenda. Mwalimu alilielewa hilo kabla yetu. Mwaka wa tatu hatukusikia habari ya barua wala viza. Siku moja alipita mbele ya duka na kiondo begani na gunia kubwa la mbegu, akatuambia anaenda Murera, hapo karibu, kwa dada yake kupanda maharagwe. Kijana wa bodaboda alilifunga lile gunia nyuma ya pikipiki huku akihema.

"Mathe, kwani hii mbegu ni ya mawe?"

"Funga tu, mwanangu. Ikianguka hatutakula mwaka huu."

Ndani ya gunia mlikuwa na sanduku lake la safari. Siku mbili baadaye, picha ikaingia kwenye grupu ya mtaa: mwalimu, theluji hadi magotini, sweta tatu mwilini, na maneno haya chini yake: "Huku Murera kumeingia baridi. Maharagwe yanaendelea vizuri." Mtaa ulichemka. Mama mmoja alisema ni madharau, mtu anawezaje kwenda bila kuagwa? Mwingine alikumbusha kwamba mbuzi wa sherehe alikuwa ameshanunuliwa, maana tulijua barua ingekuja tu. Basi tukakutana, tukamuaga mtu aliyekwisha kufika, hotuba na yote. Nakiri nyama ilikuwa tamu kuliko miaka yote.

Alirudi na cheti, pamoja na tabia ya kuwapeleka watoto kucheza kwenye matope, mvua inyeshe isinyeshe. Wazazi walilalamikia sare, lakini watoto walilia siku za Jumamosi kwa kukosa shule. Mimi husikia watu wengi wakisema wamechelewa: kusoma, kuolewa, kuanza biashara. Huwa nawatazama tu na kumkumbuka mama wa miaka hamsini na kitu akipanda bodaboda na gunia.

Tulimzika Murera, kwenye shamba la dada yake, kando ya maharagwe. Safari hii alikuwa anaenda huko kweli. Mchungaji ni yule yule. Aliinua mikono, akavuta ile pumzi ndefu tunayoijua, na dada wa marehemu akamgusa kiwiko.

"Mchungaji, fupi tu, tafadhali. Asiachwe tena."

Tulicheka kaburini pale, mchungaji naye akacheka, kisha tukalia kama watoto wa Jumamosi. Aliomba sentensi moja, akasema amina. Nami niliondoka na somo langu: ukimpenda mtu mwenye safari, mfungie gunia, sema amina mapema, umwache aende.