Dereva wa Mbio Aliyewapisha Wenzake

Mwanangu, sogea karibu, maana hadithi hii siisemi kwa sauti. Mama yako akiisikia atacheka upya. Nakumbuka Ijumaa moja kule kule Doha unakofanya kazi wewe sasa, nilipokuwa dereva wa mashindano ya magari. Usinitazame hivyo. Nilikuwa dereva wa mashindano kweli, ila kazi yenyewe ilianza baada ya swala ya Ijumaa, na alasiri haijaadhiniwa ilikuwa imekwisha.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja huko Muaither, nikimwendesha bibi wa nyumba ile, ambaye wafanyakazi wote tulimwita Mama Kabira. Alipenda kunywa kahawa garini, kwenye vile vikombe vidogo visivyo na mkono, nami nikajifunza kukata kona bila tone kumwagika. Mjukuu wake, Jasim, alikuwa na wazimu wa mbio: magari ya kawaida ya mtaani, yaliyong'olewa viti na kufungwa vyuma ndani. Wiki ya mashindano akateguka mkono. Akaniambia, "Hamisi, mkono wako mwepesi. Ukiingia watatu wa mwanzo, unahamia kwangu, kazi yako mbio tu."

Basi kichwa kikanivimba. Nikamwambia Mama Kabira atafute dereva mwingine. Nikampigia mama yako Tanga nikamwambia mumewe sasa ni mtu mkubwa. Washkaji wangu wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud wakawa wananiita bingwa hata gari sijaliwasha. Ukishaaga kazi na kujitangazia ubingwa, mwanangu, huna pa kurudi. Ilikuwa lazima nishinde.

Ijumaa ikafika, bendera ya kuanza ikashuka. Kwenye kona ya kwanza wale vijana wakagongana wao kwa wao, na mimi niliyezoea kukwepa nikapita katikati yao taratibu, kama vile Mama Kabira yuko nyuma na kikombe chake. Kuja kushtuka, niko wa kwanza. Wallahi, wa kwanza. Machozi yalinitoka ndani ya helmeti.

Sasa sikiliza palipoharibika. Desturi ya Doha unaijua: uko njia ya kushoto, ile ya wenye kasi, gari kubwa linakuja nyuma, linakuwashia taa kali, unasogea. Huulizi. Dereva wa nyumba anajua huenda aliye nyuma ni mkubwa wa watu, na yeye ni mgeni tu. Miaka yote mikono yangu ilizoezwa hivyo. Basi kijana wa nyuma akaniwashia taa. Nikatia indiketa ya kulia, nikampisha. Tena nikampungia mkono apite salama. Wa pili akawasha, nikampisha. Wa tatu naye. Jasim yuko pale kwenye ukuta wa uwanja anarusharusha mkono wake wenye bendeji kama amepagawa. Mimi nikadhani ananipongeza, nikamjibu kwa honi. Hata gari moja lililokuwa linatoa moshi na kuburura bampa liliniwashia taa, nalo nikalipisha. Nikamaliza wa mwisho, bila mkwaruzo hata mmoja.

Jasim alichukua helmeti yake akaondoka, na hapo ndipo iliponiingia akilini nilichofanya. Nikakaa kwenye kivuli cha lile gari, nimeona aibu. Mama Kabira, aliyeletwa kutazama na mtu wa nyumbani, akaniita kwenye dirisha la gari.

"Nani alikwambia uwapishe?"

"Waliniwashia taa, Mama."

"Taa nimeziona. Nauliza nani alikwambia."

"Hakuna, Mama."

"Hawa watoto wetu wanawasha taa kwa sababu nyinyi mnapisha. Siku moja mngekataa, wangepita wapi?" Kisha akanyoosha kikombe nje ya dirisha, akamwaga masimbi ya kahawa mchangani. "Dereva mwingine sijatafuta. Nilitaka kwanza nizione hizo mbio. Ingia twende."

Mwanangu, barabarani pisha. Mwenye haraka mpe njia yake, urudi nyumbani mzima. Hilo silifuti. Lakini juzi umenieleza kwamba ile nafasi ya usimamizi hotelini kwenu Al Sadd umemwachia mwenzako, ati kwa kuwa yeye aliitaka kwa sauti kubwa. Nikakuuliza, bosi alisema ni yake? Ukanijibu hapana. Basi na wewe hakuna aliyekwambia uondoke. Umeona taa ukasogea mwenyewe, kama baba yako, na hilo limeniuma kuliko aibu yangu ya siku ile.

Likizo ikiisha, rudi ukaingie kwenye usaili wa nafasi hiyo. Ukishindwa, ushindwe kwa kupitwa, usishindwe kwa kupisha. Mungu akufungulie njia, mwanangu, na akupe na ukaidi kidogo wa kubaki ndani yake. Amina.