Kufuli Mbili, Mkono Mmoja

Saa moja kasoro asubuhi, mtunza stoo anafungua kufuli ya juu, kisha ya chini. Anawasha taa na kuanza kuchaji betri za mashine za kupigia kura, kumi kumi, taratibu kama mama anayelisha watoto. Hajamaliza safu ya kwanza, mlango unagongwa. Ni wakaguzi watatu, bila taarifa.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," anajibu.

Hajatoka. Hajafika kabisa.

Stoo hiyo ina mashine 212. Kufuli ni mbili kwa makusudi: ufunguo mmoja hukaa kwake, wa pili kwa fundi, asiingie mtu peke yake. Mtu mmoja akiachwa na mashine dakika kumi anaweza kuichezea, na mpiga kura asijue kamwe. Wakiingia, wote wawili husaini daftari.

Lakini fundi, ambaye kazini wanamwita Mzee Nyaya, ana goti bovu. Miezi minane kabla ya asubuhi hiyo alimpa mtunza stoo ufunguo wake.

"Mwanangu, ngazi hizi zitanimaliza," alimwambia. "Ukiwahi, fungua tu. Nani atakuja kupiga kura humu, panya?"

Walicheka. Tangu hapo mtunza stoo alisaini mara mbili: jina lake, kisha la mzee, akiukunja mkia wa herufi ya mwisho kama mwenyewe aukunjavyo.

"Nilijiona nina huruma," anasema, macho yakiwa sakafuni. "Miaka kumi na moja sijapoteza hata waya. Mashine sikuzigusa vibaya, naapa. Ila nani ataniamini? Hata mimi nisingejiamini."

Nyumbani mumewe alimtania: "Kumbe ungeweza kutuchagulia viongozi peke yako, na hukuniambia?" Watoto walicheka. Yeye aliinuka mezani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kinachomchoma zaidi ni maneno ya mzee. Wakaguzi walipomkuta na funguo zote mbili, mzee aliwaambia kwamba wake alimwachia siku ile moja tu. Wakampa mtunza stoo barua ya onyo, wakakagua mashine za safu ya kwanza, basi. Laiti wangejua ni miezi minane, zote 212 zingefunguliwa na kupimwa upya, na kura ni baada ya siku ishirini.

"Alinikinga," anasema. "Nami nikanyamaza."

Alhamisi mawakala wa vyama wanakusanyika ukumbini kutangaziwa kwamba stoo ni salama. Mtunza stoo ameketi nyuma, kando ya Mzee Nyaya, mkoba mapajani. Anajinong'oneza kwamba akifukuzwa, ana ombi moja: aruhusiwe kwanza kuzibeba mashine hadi meza ya vipimo, moja baada ya nyingine, mbele ya watu.

Mkaguzi mkuu anauliza kama kuna mwenye neno. Anasimama. Mzee Nyaya anamvuta mkono wa gauni.

"Kaa, mwanangu. Yamekwisha hayo."

"Hayajaisha, baba."

Watu wanageuka. Sauti yake ni ndogo, mawakala wa mbele wanamwomba apaze. Anavuta pumzi.

"Haikuwa siku moja. Ni miezi minane. Funguo zote mbili nilikuwa nazo mimi, na sahihi zote za mzee niliziweka mimi. Mashine zile msiziamini mpaka mzipime."

Kisha anamgeukia mzee. "Nisamehe, baba. Nilipaswa kukataa siku ile ile uliponipa ufunguo."