Nguo za Nyumbani Hazifuliwi

Mtu akifika kwa Glenda Woloshyn kwa mara ya kwanza hushika pua, halafu huona haya, halafu hujifanya alikuwa anajikuna. Glenda humwacha tu. Yeye harufu ya mbwa aliacha kuisikia zamani, kama muuza samaki asivyosikia samaki. Bweni lake la mbwa liko kando ya barabara ya changarawe, mashariki mwa jimbo la Saskatchewan. Wenye mbwa wakisafiri huwaacha kwake walishwe, watembezwe na walazwe mpaka wenyewe warudi. Mjini siku hizi kuna hoteli za mbwa zenye televisheni, na picha zinatumwa kwenye simu ili mwenye mbwa akae huko ufukweni amtazame mnyama wake akikoroma. Glenda hana hayo. Ana sheria moja tu: kila mbwa aje na nguo ya nyumbani kwao, iliyovaliwa, isiyofuliwa, na alale juu yake mpaka siku ya kuondoka.

Sheria hiyo hakuitunga yeye. Aliitunga mama mkwe wake, Paraska, na huwezi kumfahamu Glenda bila kupitia kwa Paraska. Sisi majirani wote tulipitia kwake, na wengine tulitoka na majeraha.

Paraska alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cha maua kichwani, buti za mpira miguuni kiangazi na masika, na sauti ya kuita ng'ombe walio shamba la tatu. Bweni alilianzisha na marehemu mumewe wakati wazee wa huku walipoanza mtindo wa kukimbilia Arizona theluji ikianguka. Sisi tunaobaki tuliwasema sana wazee hao. Paraska hakuwasema. Aliwaambia, "Nendeni mkaote jua, mbwa niachieni mimi, wao wana akili ya kubaki."

Glenda aliolewa hapo na Metro, mwana wa Paraska, akitokea mji wa Regina. Alikuwa binti wa karani wa benki, msichana aliyezoea sakafu ya kung'aa. Wiki yake ya kwanza alitaka kusifiwa, basi alichukua blanketi la mbwa mmoja wa mwindaji, lililokuwa limeota manyoya na jasho, akalifua mpaka likawa jeupe. Mbwa yule alilia uuu, uuu, mpaka barabara nzima ikawa macho. Asubuhi Paraska alisimama na blanketi lile mkononi.

"We mtoto, unajua ulichofanya?"

"Nimefua, Mama. Lilikuwa linanuka."

"Lilikuwa linanuka nyumbani kwao! Mbwa hajui kalenda, hajui Arizona. Anachojua ni kwamba harufu ya mtu wake ipo, basi mtu wake atarudi. Wewe umemfulia mtu wake akaisha!"

Tangu siku hiyo Glenda akaitwa Bibi Sabuni. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki, lakini wahenga hawakumjua Paraska. Miaka kumi na tano baadaye, mgeni akija kunywa chai, lazima angesimuliwa habari ya blanketi, na Glenda lazima acheke pamoja nao huku anamimina chai.

Hata hivyo, ukimuuliza Glenda leo alikuwa na raha lini maishani, atakutajia asubuhi zile. Giza la Januari, baridi ya kukata masikio, wao wawili wakivuka ua na ndoo za maji moto, mvuke ukiwatangulia. Paraska akifungua mlango wa banda na kuwasalimu mbwa mmoja mmoja kwa jina, na kila salamu akiitia tusi la mwenye mbwa. "Umeamkaje, Bruno, tajiri wako bado bahili?" "Na wewe, Duchess, mama yako amepunguza kunywa?" Mbwa wakitikisa mikia kana kwamba wamesifiwa. Kazi ikiisha waliingia jikoni, Metro ameshawasha redio, na wakala pirohi, maandazi madogo yaliyojazwa viazi na kukaangwa kwa vitunguu, mikono yao ikinuka mbwa na siagi. Hakukuwa na siku Paraska alimwambia mkwewe neno tamu. Lakini pirohi iliyobaki ya mwisho kwenye sahani haikuwahi kwenda kwa mtu mwingine. Glenda anasema angetoa kila alicho nacho arudishiwe asubuhi moja tu kama ile, hata kama yote itakuwa ya kutukanwa.

Paraska alipokaribia miaka themanini, vitu vidogo vilianza kumponyoka. Mchuzi wa viazi vyekundu aliutia chumvi mara mbili. Alimwita Metro kwa jina la marehemu baba yake. Binti yake Sonia, aliyekaa Edmonton, alipiga simu kila Jumapili akitaka mama yake apelekwe kwenye nyumba ya wazee mjini. Paraska aliwajibu Metro na Glenda mezani, ngumi imekaa karibu na sahani:

"Siku nitakapomkosea mbwa mmoja humu ndani, nipelekeni mkanikalishe dirishani na wale vikongwe. Mimi mwenyewe nitapanga sanduku. Kabla ya hapo, mtu asinifungulie mdomo."

Hakuna aliyeufungua. Lakini Glenda alianza kumfuata mama mkwe wake kwa mbali, akirudishia makomeo ya milango aliyoisahau wazi.

Novemba ya mwaka huo alifika Mzee Orest, mkulima jirani, na mbwa wake Kapusta, jina ambalo kwa lugha ya wazee wao ni kabichi, na kwa kweli mbwa mwenyewe alikuwa mviringo. Mke wa Orest, Nadia, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Sasa binti yake alikuwa amemlazimisha aende Arizona angalau msimu mmoja. Orest alimkabidhi Paraska sweta ya kijani ya kike, imechakaa kwenye viwiko.

"Hii si yako," Paraska alisema.

"Ya Nadia. Haijaguswa na maji tangu siku alipoivua."

"Orest, wewe umerukwa na akili? Kaa nayo mwenyewe. Kapusta mwachie soksi zako, zinanuka hata kwa maiti."

Mzee alicheka kidogo. "Mimi nina picha zake, Paraska. Kapusta hana picha."

Paraska aliipokea sweta kwa mikono miwili.

Sasa, kwetu huku Krismasi ya wazee, kwa kalenda ya kale ya kanisa lao, huja Januari, na usiku wa kuamkia siku hiyo tunauita Jioni Takatifu. Nyumba lazima isafishwe mpaka pembe za dari. Halafu, kabla mtu hajatia kitu mdomoni, wanyama wote hulishwa kwanza ngano ya kuchemshwa kwa asali, kwa sababu walikuwepo zizini mtoto alipozaliwa na watu hawakuwepo. Wenye ng'ombe hulisha ng'ombe. Paraska alilisha mbwa, kijiko kimoja kwa kila mmoja, sufuria chini ya kwapa, akiwatakia heri.

Alasiri ya siku hiyo Glenda alitoka kutupa maji machafu, akaona kamba ya nguo imejaa. Mashuka, taulo, pazia za jikoni, vyote vimekakamaa kwa barafu kama mbao. Na mwishoni kabisa, mikono imetanuka, sweta ya kijani.

Alisimama pale mpaka vidole vikaanza kuuma. Metro alikuwa mjini tangu asubuhi. Yeye mwenyewe hakufua kitu. Aliiangua sweta, akaileta puani. Sabuni tupu. Aliingia nayo bandani, akamkuta Kapusta amelala kwenye ubao mtupu, uso ukutani, na hapo hapo Paraska akaingia na sufuria yake, Metro nyuma yake ndiyo kwanza karudi.

Paraska alimtilia Kapusta kijiko. Kapusta hakugeuka. Ndipo Paraska akaiona sweta.

"Nani kaifua hii?"

Aliuliza kweli. Glenda aliyatazama macho yake na hakuona hila yoyote, aliona mtu anayeuliza. Alimwona pia Metro akifumbua mdomo, na akalikumbuka sanduku ambalo mama aliahidi kulipanga mwenyewe.

"Mimi, Mama," Glenda alisema. "Nilikuwa nasafisha, ikachanganyika na mashuka."

"Wewe! Baada ya miaka yote hii! Kichwa chako kina nini, povu?"

Lakini matusi hayakufika mbali. Paraska aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye aproni, akaenda kwa mbwa wa chumba kilichofuata.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Kapusta alikataa kula, akakonda mpaka jina likawa halimfai. Glenda alimhamishia jikoni, akamlisha kuku wa kuchemsha kwa mkono, akamfunga kwenye skafu yake mwenyewe, akamwimbia nyimbo za redio kwa sauti isiyo na mwelekeo. Paraska alikaa kwenye kiti chake, akitazama yote hayo, na kule kutotukanwa kulimtia Glenda wasiwasi kuliko matusi. Mwishoni mwa Februari Kapusta alilamba bakuli. Glenda alikaa chini sakafuni akalia. Lakini mbwa kupona lilikuwa jambo moja, sweta lilikuwa jambo jingine, na la kuvunda halina ubani.

Orest alirudi Aprili, barabara ikiwa tope tupu. Kapusta alimrukia nusura amwangushe. Mzee alicheka, akamkuna masikio, kisha akanyoosha mkono kuomba sweta. Glenda alimpa ikiwa imekunjwa. Orest aliileta usoni mbele ya watu wote bila haya. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Nini hiki?"

"Niliifua, Mzee Orest," Glenda alisema. "Kwa makosa. Sina la kujitetea."

Uso wa mzee ulibadilika rangi. "Wewe mtoto wa mjini! Miaka yote umekula mkate wa nyumba hii na hujajifunza jambo moja? Jambo moja tu! Nilikuwa nainusa Jumapili peke yake, unasikia? Jumapili tu, isije ikaisha!"

Glenda aliinamisha kichwa. Metro alitazama buti zake. Hapo ndoo ilitua chini kwa kishindo.

"Orest," Paraska alisema, "mwache mwanangu."

Katika miaka yote Glenda hakuwahi kuitwa hivyo. Alidhani Metro ndiye anayesemwa.

"Mama, yamekwisha," alinong'ona. "Ingia ndani, baridi."

"Nyamaza. Umeongea vya kutosha tangu Krismasi." Paraska alijongea mpaka mbele ya mzee mwenzake, kidevu juu. "Niliifua mimi. Nilifua, nikasahau, nikamuuliza yeye nani kafua. Akabeba. Jioni ile ile nilinusa mikono yangu, Orest. Ilinuka sabuni. Nikajua. Na nimekaa kwenye kiti miezi mitatu nikimwachia abebe, kwa sababu niliogopa kupelekwa. Basi. Mtukane anayestahili."

Hakuna aliyemtukana mtu. Orest alikaa kwenye benchi, sweta magotini, Kapusta akiilalia miguu yake. Kisha akamtazama Paraska.

"Unapotea, Paraska?"

"Napotea. Siku nyingine kidogo, siku nyingine sana."

"Inauma?"

"Haiumi. Inatisha."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Hakusema amesamehe, na ingekuwa uongo kusema alisamehe siku ile. Aliibusu mikono ya Paraska, mmoja baada ya mwingine, kama wazee wao walivyofanya kanisani, akamwita mbwa wake, akaondoka.

Paraska aliingia chumbani, na kupitia ukuta walimsikia akiburuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Metro aliketi mezani, mikono kichwani. Glenda ndiye aliyeingia. Alimkuta mama anakunja vitambaa vyake vya maua, akaketi ndani ya sanduku lenyewe lililokuwa wazi, lisifungwe wala lisijazwe.

"Ondoka hapo."

"Siondoki."

"Nilitoa neno langu mbele yenu."

"Ulikuwa unawajibu Metro na Sonia. Mimi sikukubali. Mimi mtoto wa mjini, sielewi mambo."

Paraska alimtazama kwa hasira kubwa, halafu akageukia dirishani. Sanduku lilibaki wazi usiku ule wote.

Asubuhi Glenda aliamka mapema kama kawaida, akachemsha maji, akajaza ndoo mbili kwa mazoea, ingawa hakujua kama ya pili itapata mtu wa kuibeba. Alipofungua mlango wa nje, Paraska alikuwa amesimama kwenye ngazi, buti miguuni, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kupokea amri ya mtu, si ya mumewe wala ya padri, alikuwa ameshika mikono mbele, akimsubiri.

"Niambie, mwanangu," alisema. "Leo nianzie wapi?"

Glenda alimpa ndoo iliyokuwa nyepesi.

"Anza na kuwasalimu, Mama. Mimi nakuja nyuma yako."